Mtu wa Picha ya Kando

Nduta: Haloo? Haloo! Ni nani hapo?

Fowsia: Haloo, mama. Lakini ni wewe umenipigia. Habari ya mchana?

Nduta: Mzuri. Ni nani hapo?

Fowsia: Unatafuta nani?

Nduta: Natafuta mwenye hii namba.

Fowsia: Basi umempata. Naitwa Fowsia.

Nduta: Fowsia wa kamera?

Fowsia: Eeh, wa kamera. Wa yale maonyesho ya picha hapo Nyeri mjini. Na wewe ni—

Nduta: Ngoja. Kwanza sema kitu yenye Fowsia wa kamera peke yake anajua.

Fowsia: Mama! Si ni wewe umenipigia?

Nduta: Namba nimetoa kwa karatasi ya mlangoni. Karatasi ni karatasi tu. Siku hizi mtu anakuambia yeye ni benki, kumbe yuko jela na simu tatu. Sema.

Fowsia: [anacheka] Sasa nitasema nini na sijui naongea na nani? Nipatie hata nusu ya jina.

Nduta: Mama Mwai. Mukurweini.

Fowsia: Mama Mwai! Uko na ng'ombe mweusi, anapenda kulamba watu. Alilamba kamera yangu mpaka ukampiga na kitambaa. Na ukanipatia ndizi za kuchemsha nikabeba zingine kwa begi.

Nduta: Haya. Ni wewe.

Fowsia: Hujambo lakini? Nyumbani wako aje? Yule mjukuu wako, Gathogo mdogo?

Nduta: Tuko tu. Atiriri, msichana, mbona ulinitundika kwa ukuta mkubwa hivyo?

Fowsia: Uliiona! Uliingia maonyesho?

Nduta: Niliingia Jumamosi. Uso wangu ni kama mlango wa ghala. Mtu anahesabu meno yangu akiwa barabarani.

Fowsia: Ni picha nzuri sana, mama. Watu wanasimama hapo hawatoki. Juzi kuna mzee alivua kofia.

Nduta: Alivua kofia kwani mimi nimekufa?

Fowsia: Hapana, jamani—

Nduta: Mtu akiona picha kubwa na fremu kwetu anauliza mazishi ni lini. Mama wa kwaya amenipigia akilia. Nimeshika simu anauliza nani amechukua simu ya marehemu.

Fowsia: [anacheka, halafu anajizuia] Pole. Pole kabisa. Unataka niitoe? Uliweka sahihi kwa ile karatasi ya ruhusa, tuliisoma pamoja, lakini ukisema nitoe nitaitoa leo.

Nduta: Sijasema utoe.

Fowsia: Sawa.

Nduta: Nani aliamua mahali ya kutundika?

Fowsia: Mimi.

Nduta: Wewe peke yako? Hakuna mtu alikutuma? Hakuna mtu alikuambia, huyu mama weka hapa, yule mtu weka pale?

Fowsia: Hakuna. Mbona?

[Ng'ombe analia upande wa Nduta.]

Fowsia: Mama Mwai? Umepotea?

Nduta: Niko. Huyo mtu wa kando yangu. Wa picha ya kando. Ni nani?

Fowsia: Si nimeandika hapo chini. Khadar na binti yake Nuura.

Nduta: Nimesoma. Nauliza ni nani.

Fowsia: Ni mtu tu. Anafanya kazi ya mifugo. Kama vile wewe uko na ng'ombe, yeye ako na ngamia na mbuzi.

Nduta: Wapi?

Fowsia: Mbali.

Nduta: Mbali ni wapi? Mimi nimeandikwa Mukurweini, kila mtu amesoma. Huyo hajaandikwa kwao. Kwani yeye hana kwao?

Fowsia: Kuna watu wanaomba mahali pasiandikwe. Nikiombwa naheshimu.

Nduta: Kwa nini aombe?

Fowsia: Hiyo si yangu kusema. Mama, kuna shida gani?

Nduta: Hakuna shida. Anakaa tu kama mtu aliniuzia mbuzi.

Fowsia: Mbuzi.

Nduta: Eeh. Mbuzi mbaya. Alikufa.

Fowsia: Alikuuzia wapi?

Nduta: Hapo... hapo Nanyuki sokoni.

Fowsia: Mama Mwai, siku ile uliniambia Nanyuki hujawahi kufika. Ulisema ukitaka kuona Mlima Kenya unauona kutoka shambani kwako, nauli ya nini.

Nduta: Wewe unakumbuka maneno ya watu sana.

Fowsia: Ndiyo kazi yangu. Sasa niambie ukweli. Nani anataka kujua huyo mtu ako wapi?

Nduta: Ni mimi.

Fowsia: Wewe peke yako? Hakuna mtu amekutuma?

Nduta: Hiyo ni swali yangu, unanirudishia.

Fowsia: Nakurudishia. Kwa sababu yeye aliniambia wazi, mtu wa Nyeri akija kuuliza, sema hunijui. Kwa hivyo mimi si—

Nduta: Alisema Nyeri?

[Netiwaki inakwaruza.]

Nduta: Msichana. Alisema Nyeri?

Fowsia: Sijasema hivyo.

Nduta: Umesema! Niko na masikio! Mtu wa ngamia huko jangwani, anaitwa Khadar, anajua Nyeri ya nini? Kwa nini hakusema mtu wa Meru? Kwa nini hakusema mtu wa Machakos?

Fowsia: Mama, naomba tuishie hapo. Nimeongea vibaya.

Nduta: Usikate!

Fowsia: Sikati. Lakini sitasema kitu ingine.

Nduta: Basi mimi nitasema. Huyo si Khadar. Huyo anaitwa Kingori. Ni kijana yangu wa pili. Nilimzaa kwa hii nyumba nimesimama ndani, mvua ikinyesha, na mkunga alikuwa hajafika.

Fowsia: [polepole] Kijana yako.

Nduta: Wangu. Miaka tisa sijamwona. Sasa ametundikwa hapo kando yangu na ndevu, na kofia, na mtoto mwenye simjui. Nilikaa kwa kiti ya mlinzi mpaka wakafunga.

Fowsia: Pole, mama. Lakini... usikasirike. Kila mtu anaweza kusema hivyo.

Nduta: Ati nini?

Fowsia: Mtu anamtafuta mtu. Anaona picha. Anapiga simu, anasema mimi ni mamake. Nitajuaje?

Nduta: Ngai! Mimi nidanganye uzazi?

Fowsia: Umenidanganya mbuzi sasa hivi.

Nduta: Ako na kovu. Mkono ya kushoto, hapa juu ya kiwiko, inapinda. Kwa picha amefunika na shati ndefu. Ni panga.

Fowsia: Naijua hiyo kovu.

Nduta: Basi!

Fowsia: Basi nini? Hata yule alimkata anaijua. Anaijua kuliko wewe.

Nduta: Wewe msichana uko na moyo ngumu!

Fowsia: Sina moyo ngumu. Naogopa. Nilimwahidi hiyo picha itakaa Nanyuki na Nairobi, Nyeri haitafika. Nikaleta Nyeri. Unaelewa? Kama kitu itampata, ni mimi.

Nduta: Kwa nini ulileta, kama uliahidi?

Fowsia: Kwa sababu... nilikuwa na yako, na nilikuwa na yake. Nikaziweka pamoja kwa meza nikashikwa na machozi. Nikasema hii lazima watu wa hapa waione. Nilifikiri uso wake hauonekani sana. Ni wa upande. Nilifikiri ndevu zinatosha.

Nduta: Ndevu zinatosha kwa polisi. Hazitoshi kwa nyina.

[Mlango unagonga upande wa Nduta. Sauti ya mwanaume, mbali.]

Fowsia: Ni nani huyo?

Nduta: Nani?

Fowsia: Kuna mwanaume hapo. Anasikiliza?

Nduta: Aaa-i! Ni kijana yangu mkubwa, ameleta majani ya ng'ombe. Mwai, weka hapo nje! Niko kwa simu!

Fowsia: Mwai?

Nduta: Si mimi ni Mama Mwai? Ulifikiri Mwai ni nani, mti?

Fowsia: Mama, kwaheri.

Nduta: Ngoja, ngoja! Kwani kumefanyika nini?

Fowsia: Aliniambia hiyo jina. Alisema kuna mtu anaitwa Mwai alionyesha watu mahali amejificha. Hakusema ni ndugu yake. Alisema Mwai tu, akatema mate chini. Na sasa huyo Mwai ako hapo nyuma yako, pengine na panga—

Nduta: Panga ya majani! Ya kukatia ng'ombe majani!

Fowsia: Mimi sioni. Niko Nanyuki na nasikia tu.

Nduta: Mwai! Toka kabisa. Nenda mpaka kwa njia. Sijui, nenda tu!... Ameenda.

Fowsia: Wasema.

Nduta: Fowsia. Mwanangu. Usikate simu. Niko na kredo kidogo tu ya simu, ukikata siwezi kupiga tena, na wewe hutashika. Nipatie tu dakika. Uko na hizo picha hapo karibu?

Fowsia: Ziko kwa kompyuta.

Nduta: Fungua. Angalia yangu kwanza. Nafanya nini?

Fowsia: [anapumua] Unapoza chai ya mtoto. Unamwaga kutoka kikombe hadi kikombe.

Nduta: Si hiyo umetundika. Hiyo ingine.

Fowsia: Hiyo... umeisha kumwaga. Umeshika kikombe, umekigusisha shavu yako, hapa chini ya jicho. Macho umefunga. Gathogo mdogo anangoja, mikono juu.

Nduta: Sasa yake.

Fowsia: Yake pia hivyo. Kikombe kiko kwa shavu. Macho amefunga. Msichana anangoja.

Nduta: Shavu gani?

Fowsia: Ya kulia. Na wewe ya kulia. Ndio maana niliziweka pamoja, mama! Ndio kazi yangu yote hiyo. Miaka miwili nazunguka. Nimeenda kwako, nimeenda kwa wakulima wa mpunga Mwea, nimeenda hapa kwetu Nanyuki, nimeenda kaskazini mpaka lami ikaisha. Watu wanachukiana, wanaogopana, na kila nyumba naingia asubuhi napata mtu anapoza chai ya mtoto. Nikaandika pale chini, mlimani na jangwani, mkono ni ule ule.

Nduta: Nilisoma. Nikauliza mlinzi maana yake. Akasema ati maana yake ni sisi wote ni watu.

Fowsia: Si ndiyo?

Nduta: Hao watu wote umeona wakipoza chai. Wa Mwea walipoza aje?

Fowsia: Wanapuliza na mdomo.

Nduta: Na kwenu?

Fowsia: Mamangu anaongeza maziwa baridi. Wengine wanaweka kikombe kwa bakuli ya maji.

Nduta: Nani mwingine aligusa shavu? Nyumba zote hizo. Miaka miwili. Nani mwingine?

Fowsia: [sauti ndogo] Hakuna.

Nduta: Hata hapa kijijini hakuna. Mama mkwe wangu alikuwa ananicheka, ananiuliza kama nabusu kikombe. Kingori aliungua mdomo akiwa mdogo, uji ilikuwa moto nami sikujua. Tangu siku hiyo simpatii mtoto kitu kabla shavu yangu haijakubali. Umeandika mkono ni ule ule. Ni ule ule kweli! Ni mkono yangu, msichana. Ni mimi nilimfunza.

[Netiwaki inakwaruza.]

Fowsia: Watu wamelia mbele ya hizo picha. Kuna mzungu alisema ameona dunia nzima hapo.

Nduta: Ameona mama na mtoto yake.

Fowsia: Wallahi, sijui niseme nini.

Nduta: Sema unaniamini.

Fowsia: Nataka kukuamini. Lakini... mama, mtu anaweza kuangalia picha Jumamosi nzima, halafu atunge hadithi ya uji. Nipatie kitu haiko kwa picha. Unaitwa nani?

Nduta: Mama Mwai.

Fowsia: Jina yako. Yenye ulipewa na wazazi.

Nduta: Unataka ya nini? Ya kitambulisho?

Fowsia: Hapana.

Nduta: Watu wakitaka kukuibia wanaanza na jina. Halafu wanauliza namba ya siri.

Fowsia: Sitaki namba ya siri! Mimi nimekupatia jina yangu tangu tuanze. Nipatie yako.

Nduta: Nduta.

[Kimya kirefu.]

Nduta: Haloo? Umekata?

Fowsia: Sema tena.

Nduta: Nduta. Nduta wa Kingori, baba yangu alikuwa Kingori. Ndio huyo kijana akaitwa hivyo. Hata nilikuwa namuita baba. Mbona unapumua hivyo?

Fowsia: Mama... hakuna mtoto anaitwa Nuura.

Nduta: Nini?

Fowsia: Ni mimi niliandika Nuura. Ile siku nilimuuliza, huyu binti anaitwa nani. Akasema jina. Sikuelewa. Kwetu hatuna jina kama hiyo. Nikafikiri ni netiwaki ya masikio yangu, au ni yeye anatamka vibaya, si unajua ni mtu alijifunza Kisomali ukubwani. Nikafikiri anataka kusema Nuura. Nikarekebisha.

Nduta: Alisema nini?

Fowsia: Niliandika kwa kitabu vile nilisikia, kabla sijarekebisha. Niko nayo hapa, ngoja... iko hapa. N, D, U. Nduta. Na mpaka mamake mtoto anamuita hivyo, Nduta, Nduta, njoo unywe.

Nduta: Uuui.

Fowsia: Mama?

Nduta: Uuui, Ngai wakwa.

Fowsia: Mama, kaa chini.

Nduta: Msichana wa kwanza anachukua jina ya nyina wa baba. Ndio desturi. Mwai amezaa wavulana watupu, watatu. Nilikuwa nimesema basi, jina yangu inaisha na mimi. Na kumbe iko huko! Inakunywa chai huko!

Fowsia: Iko huko. Ako na miaka minne na nusu. Msumbufu. Alivuta kamera yangu akitaka kuona kama kuna watu ndani.

Nduta: [analia, anacheka] Wacha avute. Wacha avute, hiyo ni sisi.

[Nduta anapenga kamasi.]

Nduta: Sasa niambie. Watu wenu walimfanya nini?

Fowsia: Watu wetu?

Nduta: Walimbadilisha jina. Walimlazimisha? Ndio akaoa?

Fowsia: Mama Nduta, tumeanza kuongea vizuri, usinikasirishe. Watu wetu hawakumlazimisha kitu.

Nduta: Mtu hatoki Mukurweini ya Kanisa awe Khadar bure bure.

Fowsia: Haya. Unataka kujua watu wetu walimfanya nini? Alishuka kwa lori ya mbuzi, mkono imevimba kama mguu, ana homa. Dereva alimwacha kando ya barabara akiogopa kufiwa naye. Watu walipita. Wengine walisema ni mwizi, huyu mkono ni ya wizi. Kuna mama hapo anaitwa Sahro, anauza maziwa ya ngamia. Akamvuta mpaka kwake, yeye na msichana wake. Akampatia maziwa na kijiko wiki mbili.

Nduta: Hakumuuliza ametoka wapi?

Fowsia: Nilimuuliza hiyo Sahro mwenyewe. Akasema mtu ana homa unamuuliza kabila ya nini. Alimuuliza jina baada ya mwezi.

Nduta: Baada ya mwezi.

Fowsia: Na hata jina ya Khadar ni yeye mwenyewe alichagua. Msichana wa Sahro ndiye mkewe sasa. Kwa hivyo hao ndio watu wetu.

Nduta: Huyo Sahro ulimpiga picha?

Fowsia: Nilitaka. Alikataa. Alisema apigwe akifanya nini, ni maziwa tu alitoa.

Nduta: Hiyo ndio ungetundika. Mama akivuta mtoto ya watu ndani ya nyumba.

Fowsia: Alikataa, mama.

Nduta: Mtu hamjui akamvuta ndani. Na mimi... aah.

Fowsia: Na wewe nini?

Nduta: Hakuna.

Fowsia: Mama, niko hapa. Nini?

[Simu inalia tii, tii.]

Fowsia: Ni kredo hiyo?

Nduta: Ni kredo. Sikiliza haraka. Ulisikia mambo ya kahawa?

Fowsia: Alisema kuna magunia ya kahawa yaliibiwa kiwandani na yeye alikuwa askari wa usiku. Wakasema ni yeye.

Nduta: Haikuwa yeye. Mwaka wa pili karani wa kiwanda alikubali mwenyewe, Gatimu, kanisani mbele ya watu wote. Watu walikuja hapa kwangu kuomba msamaha na sukari. Mwambie hiyo. Mwambie hakuna mtu anamtafuta.

Fowsia: Nitamwambia. Leo hii nitampigia.

Nduta: Bado. Siku ile walikuja mchana, wengi, na mapanga. Kingori alikuwa ndani ya stoo ya majani, nyuma ya zizi. Mzee mmoja akaniambia, Mama Mwai, tuonyeshe, tutampeleka polisi polepole, ukikataa vijana watachoma boma yote. Mwai alikuwa amesimama mlangoni na wanawe wawili wadogo walikuwa ndani. Na mimi... sikufungua mdomo, Fowsia. Nilielekeza tu. Na kidevu. Hivi.

Fowsia: Ni wewe.

Nduta: Ni mimi. Mwai alikimbia mbele yao awazuie, na Kingori akichungulia akaona ndugu yake ndiye wa kwanza kufika. Akajua ni yeye. Alikatwa mkono mbele yangu, akatoroka.

Fowsia: Na Mwai anajua ilikuwa wewe?

Nduta: Aliniona. Alikuwa ananiangalia. Miaka tisa hajawahi kusema. Kijiji yote inasema Mwai aliuza ndugu yake, na yeye anakata majani, ananyamaza, ananiletea. Kila jioni.

Fowsia: Ya Allah.

Nduta: Wanasema mtoto akikunyea mkono, huukati. Mimi wangu hata hakuwa amenyea, na nilikata.

Fowsia: Mama, sikiliza. Nitampigia, nitamwambia mamake ako, nitamwambia mambo ya karani. Lakini hiyo ya kidevu... tuiache kwanza. Aje kwanza. Amlete mtoto umwone. Hiyo ingine mtaongea mkiwa pamoja.

Nduta: Hapana.

Fowsia: Ukimwambia sasa anaweza akatae kuja! Hutamwona yule mtoto!

Nduta: Najua.

Fowsia: Basi kwa nini? Umengoja miaka tisa, ngoja wiki moja tu—

Nduta: Aje hapa akunje uso kwa Mwai, Mwai anyamaze tena? Mbele yangu? Nikipoza chai? Hapana. Mwambie hiyo kwanza. Kabla ya salamu.

[Simu inalia tii.]

Fowsia: Mama, kredo inaisha, wacha nikupigie mimi—

Nduta: Usinipigie! Ukinipigia nitapata maneno ya kujitetea. Mpigie yeye. Mpigie sasa, kabla sijageuka.

Fowsia: Na akikataa?

Nduta: Akikataa, asikatae Mwai. Mwai hakufanya kitu. Akatae mimi. Umesikia? Mwambie akatae—

[Simu inakatika.]